Ufunguo Kwanza

Saa nane usiku, Uyole. Baridi ya Juni
imekaa dirishani kama mdai.
Kompyuta haijafa. Ingekufa ningejua la kufanya.
Feni inazunguka, taa ya kijani inakonyeza,
na mzani wa ghala la viazi umeganda
kwenye gunia la mia mbili na tisa.
Hakuna kosa lililoandikwa popote.
Ni kimya tu, kile cha watu wawili walionuniana.

Tweve, dereva wa Fuso, amegonga mara ya pili:
"Dada, tunapakia au tunalala?"

Nikafukua kumbukumbu za mfumo, mstari kwa mstari.
Uzi mmoja umeshika kufuli la mzani,
unasubiri daftari la malipo.
Uzi wa pili umeshika daftari,
unasubiri mzani.
Wote wana adabu. Wote wamefuata zamu.
Na watasubiriana hadi kiama,
maana nyuzi hizi hazina njaa
ya kuzitoa kwenye ubishi.
Subira huvuta heri, tuliambiwa.
Aliyesema hakuiona subira hii.

Nikacheka peke yangu. Hawa nawajua.

Kwetu Masoko, mwaka ule wa mvua isiyokatika,
baba mdogo Ambilikile alishika ufunguo wa mashine ya kusaga,
shangazi Sekela akashika dumu la dizeli.
"Alete mafuta, nitafungua."
"Afungue, nitaleta mafuta."
Siku tisa.
Mahindi yamejaa madebe, nasi
magimbi asubuhi, magimbi mchana,
usiku ndizi, na ndizi zenyewe changa.
Wazee wa kanisa walikuja, wakasikiliza,
wakaona kila mmoja ana haki,
wakanywa chai, wakaondoka.

Aliyeumaliza ni Asajile, kijana wa mashine,
aliyelipwa kwa debe na hakuwa na debe.
Hakuuliza nani ameanza.
Aliokota mkaa, akaandika mlangoni:
UFUNGUO KWANZA. DIZELI BAADAYE.
ASIYE NA UFUNGUO ASIGUSE DUMU.
Shangazi alisonya, lakini dumu akaliweka chini.
Jioni ile tulikula ugali wa moto, tukaungua ndimi.

Basi nami naandika kwa mkaa wangu:
mzani kwanza, daftari baadaye,
kila mahali, hata pale panapoonekana ni upuuzi.
Si kwamba mzani una cheo.
Ni kwamba lazima kiwepo cha kwanza,
na wote wakijue ni kilekile.
Mahali kumi na saba nimepita, pako sawa.
Pa kumi na nane pamegeuzwa,
daftari mbele, mzani nyuma,
na jina la mwandishi hapo ni langu,
Aprili, mkesha wa Pasaka, nikiwahi basi.

Na pale nisipoweza kupanga foleni
nimeweka subira yenye kikomo:
jaribu, hesabu sekunde tatu,
ukikosa achia ulichoshika, rudi nyuma,
na upumzike muda usiolingana na wa mwenzako.
Usiolingana, nasisitiza. Vinginevyo mtakuwa
kama wachuma chai wawili kwenye kinjia cha Katumba,
huyu kulia, yule kulia,
huyu kushoto, yule kushoto,
samahani, samahani,
mpaka umande unakauka na vikapu havina jani.

Nimewasha upya. Mia mbili na kumi.
Mia mbili na kumi na moja.
Tweve ameanza kupiga mluzi huko nje.

Ilibaki nilale. Ila simu iko mezani.
Dada yangu Ikupa ana hati ya kiwanja cha mama,
mimi nina pole ninayomdai kuipokea.
Akileta hati, nitampa pole.
Nikimpa pole, ataleta hati.
Mwaka wa pili sasa, na feni inazunguka.
Mlangoni kwetu hakuna aliyeandika kitu.

Tukuyu kutakuwa na ukungu. Atakuwa ameamka, anakamua.
Nitapiga.
Isipopokelewa nitakata, nitaoga,
nitapiga tena saa isiyo na mpango.
Kuhusu hati sitauliza.